Swali Lililofutwa Kabla ya Ramadhani

"Mwambie kwamba mume wake hakufuata maelekezo," Priscilla aliniambia kwa Kiingereza, macho bado kwenye kompyuta. "Mwambie taratibu, halafu mpe karatasi asaini."

Priscilla ni meneja wa kliniki. Mbele yetu alikaa Bi Mwajuma, mtu mzima wa Tanga, ushungi umebanwa vizuri, mikono juu ya mkoba. Alikuja kuomba jambo moja tu: faili la mume wake lisahihishwe. Liliandikwa kwamba mzee alizidisha dawa kwa hiari yake, na dawa yenyewe ni mafuta ya bangi.

"Amesema nini, mwanangu?" akaniuliza.

Ilikuwa siku yangu ya sita tangu nirudi kutoka likizo ya uzazi. Maziwa yalikuwa yanavuja mpaka kwenye sare. Miaka minane nilikuwa nimekalia kile kiti cha mkalimani, na kila walichosema wakubwa nilikigeuza Kiswahili kama kilivyo, kitamu au kichungu. Siku ile ulimi uligoma.

"Sisemi," nikamjibu Priscilla.

"Unasemaje?"

"Uongo huo sisemi. Jifunze Kiswahili, umwambie mwenyewe." Nikamgeukia Bi Mwajuma. "Mama, huyu anasema mzee alizidisha dawa. Si kweli. Mzee alikunywa matone yaleyale tuliyomwambia sisi. Kwa simu, kwa Kiswahili, kutoka kwenye meza hii. Usisaini kitu."

Priscilla akavua miwani, akatabasamu lile tabasamu lake la kwenye vikao. "Zuhura, nenda nyumbani ukapumzike. Hizo ni homoni za uzazi."

"Homoni zangu zinajua kusoma faili," nikasema.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, nikiwa na miaka thelathini na mmoja na mtoto wa miezi minne. Cheka ukitaka. Nawaandikia ninyi mliobaki kwenye meza ya Kiswahili, na wewe Faith hasa, ili mjue kazi hii ilikuwa inafanywaje kabla haijaharibiwa. Habari za vyeo hamtazipata humu. Sikupanda hata kimoja.

Nilianza nikiwa na cheti cha kidato cha nne kutoka Tanga, Kiingereza cha kuungaunga, na Kizulu nilichookota kwenye spaza, kiduka cha jirani yetu La Rochelle, huku Afrika Kusini. Kliniki ilikuwa ghorofa ya tatu pale katikati ya jiji, juu ya duka la mablanketi. Lifti ilifanya kazi ikijisikia. Wagonjwa wetu ni watu wanaokatikiwa pumzi usingizini, wengi wao wanene, wenye shingo nzito, waliopanda ngazi mpaka kwetu huku wanatweta, ndipo wanaulizwa kama huwa wanachoka.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Sista Thandeka. Alikuwa Mzulu, nesi wa siku nyingi, mfupi, mkali, na mfukoni hakukosa bisibisi ndogo ya kufungulia mashine. Alinikalisha kwenye kiti, akanivalisha ile barakoa ya puani yenye mpira wake, akawasha mashine. Hewa ikanijaa kichwani kama nimetoa uso dirishani gari likiwa mbio. Nikaivua.

"Umekaa nayo sekunde ngapi?" akaniuliza.

"Sijui, Sista. Kumi?"

"Na unataka kumwambia mtu alale nayo maisha yake yote. Vaa."

Alinivalisha nusu saa, akaenda kunywa chai. Tangu siku hiyo sikuwahi kumcheka mgonjwa aliyeniambia barakoa inamkaba.

Alichonifundisha cha pili ni kadi. Kila mashine ina kadi ndogo inayohifadhi kila kitu: umeivaa saa ngapi, umeivua saa ngapi, pumzi ilikatika mara ngapi. Sista alikuwa akisema tuiulize kadi kwanza, mdomo wa mgonjwa baadaye. Mgonjwa anataka umpende, kadi haina haja hiyo.

Mafuta ya bangi yalikuja mwaka wangu wa pili. Daktari wetu wa Alhamisi (alikuwa anakuja siku hiyo tu) alianza kuyaombea kibali kwa baadhi ya wagonjwa, wale wenye maumivu ya muda mrefu na wasiopata usingizi kabisa. Nataka mlielewe hili vizuri, maana watu huko nje wanalichanganya: mafuta hayatibu pumzi kukatika. Pumzi inalindwa na mashine. Mafuta yalikuwa ya maumivu, na ya kumsaidia mtu atulie. Ukiyanywa ukaacha barakoa, umelala vizuri sana huku unakosa hewa.

Papa Kasongo ndiye aliyetufundisha habari ya mwili kuzoea. Alikuwa mlinzi, Mkongo wa Lubumbashi, tumbo mbele, utani mwingi. Wiki mbili za kwanza alikuja anaimba. Mwezi wa pili akaja amenuna.

"Mama, dawa yenu imelala, miye silale. Muniongezee."

"Papa, unatumia matone mangapi?"

"Yale muliandika."

"Papa."

"Na mengine kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Mama, miye ni mutu mukubwa, ona hii tumbo! Matone manne inapotea njiani, haifike kwa kichwa."

Nilicheka mpaka Sista akaja kuangalia kuna nini. Akachomeka kadi, akanionyesha. Papa alikuwa na siku kumi na moja hajavaa barakoa. Aliona mafuta yanamlaza, akaona mashine haina kazi tena, akaifanya meza ya redio.

Hapo Sista alinifundisha kazi yote. Mwili unaizoea ile dawa. Tone lililokulaza jana, keshokutwa halikulazi. Mgonjwa anaongeza, mwili unazoea tena, anaongeza, mpaka siku moja yuko kwenye kiasi cha kumwangusha ng'ombe na usingizi bado hana. Kwa hiyo mgonjwa akisema dawa imeisha nguvu, usikimbilie kuongeza. Angalia barakoa kama inavuja. Angalia kama anaivaa. Muulize anakunywa nini kingine, na kama anaendesha gari. Kisha daktari anampunguzia polepole, na ikibidi anampumzisha kabisa kwa muda. Siku za mwanzo atalala vibaya, atatoka jasho, ataota mandoto ya ajabu, atakupigia simu kukutukana. Inapita. Na akirudi kwenye dawa, anarudi chini kabisa, kwenye tone la mwanzo, kwa sababu mwili umeshasahau. Kiasi alichokuwa anakibeba kabla ya mapumziko, sasa hakibebi.

Papa Kasongo alipumzishwa. Alinitukana kwa Kiswahili, Kifaransa na lugha nyingine nisiyoijua, kisha akalala vizuri kwa matone mawili, barakoa usoni. Sasa simwoni tena. Amehamia mji mwingine.

Jambo la Ramadhani nililigundua mimi, na nalisema bila haya kwa sababu ndilo pekee la maana nililofanya pale.

Mwaka wa tatu, wiki ya Idi, simu zilikuja mfululizo. Huyu kizunguzungu, huyu ametapika, huyu amekaa sakafuni anaogopa kuta. Wote wa kwetu: Tanga, Dar, Unguja. Sista akadhani chupa mpya zina kasoro. Mimi nikapekua majina, nikajua kabla sijamaliza ukurasa.

Waislamu wale walikuwa wameacha mafuta mwezi mzima. Hakuna aliyewaambia waache. Wangeweza kuyatumia baada ya kufuturu kama dawa nyingine. Lakini ile ni bangi, hata iwe na kibali cha daktari na chupa yenye lebo. Mtu anaona haya kusimama tarawehe na bangi mwilini. Kwa hiyo mwezi ukiandama anaiweka chupa juu ya kabati, hamwambii mke, hamwambii daktari. Na ukimpigia simu kumuuliza anaendeleaje, anajibu, "Alhamdulillahi, naendelea." Atamwambiaje binti wa kwenye simu kwamba ameacha bangi kwa ajili ya Mungu? Idi ikifika anaishusha chupa na kurudi kwenye matone yaleyale aliyoyaacha. Kumi na nane, ishirini. Kwa mwili uliosahau.

Nilimweleza Sista.

"Mwezi mzima bila dawa, na hakuna aliyenipigia simu kunitukana?"

"Wanatukana moyoni, Sista. Wamefunga."

Alicheka mpaka akakaa. Kisha akaandika swali kwa mkono wake, tukaligeuza Kiswahili pamoja, tukalibandika kwenye karatasi ya maswali ya simu. Wiki moja kabla ya mfungo tunauliza: utaacha mafuta mwezi huu? Wala si vibaya, tuambie tu. Na siku chache kabla ya Idi tunapiga tena: kama uliacha, usirudi ulipokuwa, anza na tone la mwanzo, njoo Alhamisi. Ilibidi nijifunze kuliuliza. Ukisema "bangi" mtu anakata simu. Nilikuwa nasema "yale matone," na nilikuwa naanza na shikamoo na habari za maandalizi ya futari. Kwenye faili tulikuwa tunaandika "mapumziko ya Ramadhani", na daktari anasaini. Miaka mitatu mfululizo, wiki ya Idi simu haikulia.

Mzee Shomari alikuwa wa kwanza kunijibu ukweli. Ndiye mume wa Bi Mwajuma. Fundi cherehani wa Jeppestown, chumba cha kazi chini, vyumba vya kuishi juu, ngazi za chuma katikati. Mgongo ulimwisha kwa kuinamia mashine miaka arobaini, na pumzi ilikuwa inamkatika mpaka anasinzia mguu ukiwa kwenye pedali. Alishona sare yangu ya kwanza bila kunipima, kwa kuniangalia tu, ikanikaa. Nilipomuuliza lile swali, akasema, "Mwanangu, umenistiri. Nilikuwa naogopa kusema." Barakoa yake aliitunza kama kitu cha harusi, anaiosha kila asubuhi kwa sabuni ya mche.

Kisha Sista Thandeka alistaafu kwa kweli, si kama mimi. Tukamnunulia keki, akaacha bisibisi yake mezani kwangu, akarudi kwao.

Akaja Priscilla. Si mjinga, nisimseme vibaya kwa lisilo lake. Alinunua viti vipya, lifti ikatengenezwa. Lakini alikuja na fomu mpya ya kompyuta, na fomu ile haikubali matone yashuke. Ukiweka namba ndogo kuliko ya mwezi uliopita inakuwa nyekundu, inakudai sahihi ya daktari, na daktari ni wa Alhamisi. Ukiweka ileile au kubwa, inakupa kijani, unaendelea na simu inayofuata. Mnajua wenyewe mlivyokuwa mnafanya. Nilifanya hata mimi.

Na swali la Ramadhani akalifuta.

"Hatuwaulizi wagonjwa dini zao," alisema. "Ni ubaguzi."

"Hatuwaulizi dini. Tunawauliza kama wameacha dawa."

"Basi waulize wote, mwezi wowote."

"Wote hawaachi mwezi mmoja kwa mpigo, Priscilla. Hawa wanaacha, na hawasemi mpaka uwaulize kwa adabu."

"Zuhura, wewe ni mkalimani. Tafsiri kilichoandikwa."

Nikatafsiri kilichoandikwa. Lakini kwenye simu, kwa Kiswahili, nilikuwa nauliza lile swali kimyakimya, kwa kuwa hakuna mkubwa pale aliyekuwa anaelewa ninachosema. Mwaka ule mambo yakaenda sawa. Nikajiona mjanja. Naomba mkumbuke hapo, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea. Swali lilikuwa limebaki kichwani mwangu tu, na kichwa changu kilikuwa kinakwenda likizo.

Nasra alikuja wiki tatu kabla ya siku zake. Uchungu ulinianza nikiwa mezani, saa nne asubuhi. Faith alikuwa na siku nne tu tangu aajiriwe, msichana wa Nakuru, mcha Mungu wa kanisa, hata mwezi mwandamo hakuwa na sababu ya kuuangalia. Nilimwachia kiti nimeshika kiuno.

"Nifanye nini nikikwama?" akaniuliza.

"Hukwami. Soma karatasi tu."

Hayo ndiyo maneno yangu. Soma karatasi tu. Karatasi iliyofutwa swali, nikiwa najua imefutwa. Ramadhani ilikuwa imebakiza majuma mawili kuanza.

Yaliyobaki niliyasoma kwenye faili niliporudi, na mengine amenieleza Bi Mwajuma. Mzee Shomari aliacha mafuta mwezi ulipoandama, kama kila mwaka. Aliisubiri simu yangu. Siku mbili kabla ya Idi simu ikaja, sauti ngeni. Ikamuuliza kama anapata usingizi. Akasema, alhamdulillahi, kidogo. Ikamwambia: usipunguze, endelea na matone ishirini kama faili lako linavyosema.

Mzee alimwambia mkewe, "Safari hii wamesema ishirini. Labda dawa wamebadilisha." Alituamini. Hebu lielewe hilo. Yeye mwenyewe alijua anapaswa kuanza chini, miaka minne nimemwambia, lakini kliniki imesema ishirini kwa Kiswahili safi, nani yeye kubisha?

Siku ya Idi, baada ya pilau, mgongo ukamsumbua. Akahesabu matone ishirini, akajilaza kwenye kochi, barakoa iko chumbani kwa sababu wageni wamejaa. Walipomwamsha kwa alasiri alisimama haraka, kama mtu aliyelala kidogo tu. Bi Mwajuma anasema alitazama mlango kama hajawahi kuuona. Akatoka kwa mlango huo. Ngazi za chuma hakuzishuka kwa miguu.

Nyonga imeungwa. Kichwa hakijaungwa. Nilikwenda kumwona na Nasra mgongoni. Alikuwa ameshika kipande cha kitambaa, anakigeuza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huu ni mkono wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kulia," nikasema. Hakikuwa mkono wa nguo yoyote.

"Nilijua," akasema, akaendelea kukigeuza.

Karatasi ya hospitali ilinakili maelezo yaliyotoka kwetu: mgonjwa alizidisha bangi. Mpwa wake mmoja aliisoma kwa sauti mbele za watu, kisha simu ikapigwa Tanga. Watoto wake wa kiume wanasema baba alikwenda Afrika Kusini kuvuta. Mmoja amekataa kuja. Bi Mwajuma hakuja kliniki kutaka fidia. Alitaka tu lile neno litoke, ili siku mzee akifa wanawe waje kumzika.

Siwezi kuwadanganya kwamba nimepata tumaini. Nimekwenda kwa wakili wa bure, akaniambia simu ile haikurekodiwa. Sista Thandeka nilimpigia, akasema maneno matatu, "Eish, mtoto wangu," kisha nikamsikia analia, nikakata. Daktari wa Alhamisi hajibu. Faith, wewe hukukosea. Ulisoma karatasi. Nakuomba useme tu ulichosoma, basi.

Sina la kuwafundisha zaidi. Barua nimeipeleka mwenyewe kwenye baraza linalosikiliza malalamiko ya wagonjwa, ikagongwa muhuri mbele yangu. Niliiandika kwanza kwa Kiswahili, kisha nikaigeuza Kiingereza neno kwa neno; ile ya Kiswahili hii hapa.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAELEKEZO YA DAWA ALIYOPEWA MZEE SHOMARI, NA FAILI LAKE

Mimi Zuhura Mbwana, nilikuwa mkalimani wa Kiswahili katika kliniki iliyotajwa kwenye fomu, miaka minane.

Nalalamika kwamba mgonjwa mwenye tatizo la kukatikiwa pumzi usingizini, aliyeacha mafuta ya bangi kwa mwezi mzima wa Ramadhani, aliambiwa na kliniki kwa simu arudi kwenye matone ishirini, bila kuulizwa kama alikuwa ameacha. Alifuata alichoambiwa. Akaanguka. Faili linasema alizidisha. Hakuzidisha. Naomba neno hilo lifutwe, na barua ya kulifuta iandikwe kwa jina la mke wake ili aitume kwao.

Wa kwanza ninayemlalamikia ni meneja, aliyefuta swali lililokuwa likiwalinda wagonjwa hawa, baada ya kuelezwa kazi ya swali hilo.

Wa pili ni daktari, ambaye sahihi yake ilikuwa inahitajika kila siku na alikuwa anapatikana siku moja kwa wiki.

Wa tatu ni mimi. Nilijua swali limefutwa. Nilikuwa naliuliza kwa siri, na sikumwambia mwenzangu aliyenipokea. Nilimwambia asome karatasi. Naomba msiondoe jina langu kwenye orodha hii eti kwa sababu mimi ndiye niliyeileta.

Wapo wengine kumi na saba kwenye kitabu cha simu ambao wataacha mafuta mwezi ukiandama na hawatamwambia mtu. Majina yao nimeambatanisha. Naomba mtu awapigie. Aanze na shikamoo.